Laptopu Inaganda Dukani, Nyumbani Inapona

Safu ya Muulize Fundi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nina stesheneri hapa Ifakara. Nachapa barua, maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, na msimu huu mikataba ya wakulima. Laptopu yangu ni HP ya mtumba niliyonunua Dar mwaka juzi, na mwaka mzima haikunisumbua. Tangu mwezi wa sita inaganda, lakini nikiwa dukani tu. Kishale kinatembea, ila nikibonyeza kitu hakifunguki. Nakaa hivyo nusu dakika, siku nyingine dakika mbili nzima, mteja amesimama ananitazama, halafu ghafla vyote nilivyobonyeza vinafunguka kwa mpigo. Nikiirudisha nyumbani nachapa mpaka saa sita usiku, haigandi hata mara moja. Fundi wa kwanza kanipigia Windows upya. Wa pili kaniuzia ramu. Wa tatu kakaa nayo siku tatu, akanirudishia akisema haina ugonjwa. Sasa mdogo wangu anasema hapo dukani kuna mkono wa mtu, na mimi nimeanza kumsikiliza. Nisaidie kabla sijafika mbali.
Mama Stesheneri, Ifakara

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na huyo fundi wa tatu, maana naona umemweka kundi moja na wenzake. Yeye ndiye pekee aliyekuambia ukweli. Kwake laptopu haikuwa na ugonjwa, kama ambavyo haina ugonjwa nyumbani kwako. Alichokosea ni kuishia hapo. Mashine inayoumwa mahali pamoja tu siifungui kwanza. Naanza kuulizia hapo mahali.

Somo hili nililinunua kwa hela yangu. Zamani, nikiwa na meza moja chini ya ngazi pale Morogoro mjini, alinijia mwalimu wa sekondari. Laptopu yake, akiwa nyumbani anasahihisha mitihani, inazima kioo yenyewe. Akiigusa kidogo inawaka, akiendelea inazima tena. Kwangu iliwaka kutwa bila kukonyeza. Nikabadilisha waya wa kioo, nikamtoza, akaenda. Kesho yake karudi. Nikapiga Windows. Akarudi tena. Mara ya tatu nikapanda bodaboda mpaka kwake, na pale mlangoni tu nikaona aibu yangu yote imewekwa sebuleni. Laptopu ilikuwa juu ya sabufa, sabufa limetandikwa kitambaa cha kufuma, ndiyo meza yake ya kazi. Kwenye mfuniko wa laptopu, pembeni mwa kioo, huwa kuna sumaku ndogo, na upande wa kibodi kuna kihisi. Ukishusha mfuniko kihisi kinaiona sumaku, kompyuta inalala. Sabufa nalo lina sumaku kubwa kama sahani ya chai, na kihisi hakina habari kama hiyo ni ya mfuniko au ya spika. Kila mwalimu alipoisogeza kushoto kidogo, kompyuta ilidhani imefungwa. Hela ya waya wa kioo nilimrudishia nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeshaliwa.

Kwa hiyo barua yako niliposoma, sikuwaza ramu. Nilimwomba mhariri namba uliyoandika chini ya barua, nikakupigia saa nne asubuhi. Unakumbuka tulivyopigiana kelele? Dakika mbili za mwanzo nilikuwa nasema "sikusikii mama, rudia", mpaka nikauliza hicho kinachonguruma nyuma yako ni nini. Ukajibu kwa wepesi kabisa: "Aa, si mashine ya kukobolea ya jirani." Ipo tangu lini? Imefungwa mwezi wa tano, mpunga ulipoanza kuingia. Iko wapi? Fremu ya pili, ukuta mmoja na wewe. Na kaunta yako? Imeegemea ukuta huohuo.

Kwenye barua uliandika mafundi watatu, ramu na mdogo wako, mashine ya kukoboa hukuitaja. Sikulaumu. Kelele ukiishi nayo miezi mitatu, masikio yanaifuta.

Nikakuuliza saa ngapi inatulia. Ukasema saa saba mchana hivi, na siku umeme ukikatika. Hilo la umeme ndilo lililokuwa limekuchanganya, na kusema kweli lilinichanganya na mimi. Umeme ukikatika laptopu inabaki na betri, na haigandi. Mtu yeyote angesema basi tatizo ni umeme wa dukani. Mimi nilishaanza kupanga kichwani nikuandikie habari za stebilaiza, kwa sababu mota kubwa kama ya mashine ya kukoboa ikiwashwa inavuta mara tano mpaka saba ya umeme inaotumia ikishashika mwendo. Ndiyo maana taa za majirani zinafifia kidogo, halafu zinarudi.

Lakini hesabu haikukaa. Geuza chaja yako usome maandishi madogo mgongoni: imeandikwa 100 mpaka 240V. Umeme wetu ni 230V, na hata ukishuka mpaka 170V chaja ya laptopu haishtuki, tena nyuma yake kuna betri inayoziba pengo. Umeme mbaya mara nyingi huzima kompyuta, au huua chaja. Kuigandisha nusu dakika kisha ikaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea, hiyo si tabia yake. Halafu nikajiuliza: umeme ukikatika, ni nini kingine kinachozima pale mtaani? Mashine ya kukoboa inazima! Na saa saba mchana ni saa ya mwendesha mashine kula.

Washukiwa wako wawili basi walikuwa wanaingia na kutoka pamoja, huwezi kujua nani mwizi. Dawa ni kuwatenganisha. Nilikuomba uchomoe chaja huku mashine ya jirani inanguruma, ufanye kazi kwa betri tupu. Ujumbe wako ulifika kabla ya saa sita: "Nimechomoa. Imeganda vilevile mara mbili." Hapo umeme nikauachia.

Kisha nikakuomba kitu kimoja cha macho. Pembeni mwa laptopu za HP za kiofisi za umri wa hiyo yako, jirani na taa ya chaji, kuna taa ndogo yenye alama ya kopo. Hiyo ni taa ya diski. Diski ikisoma au kuandika, inamemeta nyeupe. Nilitaka kujua inakuwa rangi gani wakati laptopu imeganda. Ukanijibu kwa mshangao kidogo kwamba inakuwa ya chungwa, na kwamba umeiona hivyo siku nyingi ila ulidhani ni betri.

Mama, hiyo taa ilikuwa inakuambia jina la mgonjwa.

Laptopu yako ina diski ngumu ya kizamani, ile yenye sahani ndani inayozunguka. Nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine 7,200. Juu ya sahani kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea, na kichwa hicho hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nanomita chache. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi, ukae na picha hiyo. Mistari ya kumbukumbu kwenye sahani nayo imebanana kupita kiasi. Kichwa kikitikiswa kidogo kinatoka kwenye mstari, kinabidi kisubiri sahani izunguke tena kijaribu upya, kisha tena, kisha tena. Ni kama kutunga uzi kwenye sindano huku mwenzako anatwanga juu ya meza hiyohiyo. Windows nayo imeomba faili, haijaletewa, inasubiri. Kishale kinatembea kwa sababu hakihitaji diski. Unachobonyeza kinahitaji.

Tena kwenye yako kuna la pili. Watengenezaji walijua kwamba kichwa kikigonga sahani, kazi zako zimekwisha. Kwa hiyo tangu IBM walipoanza na ThinkPad mwaka 2003, laptopu nyingi za kiofisi zimewekewa kihisi cha mtikisiko. Kompyuta ikianza kudondoka, kihisi kinawahi kukiondoa kichwa juu ya sahani na kukiegesha pembeni, mpaka mambo yatulie. HP nao wana cha kwao, na ile rangi ya chungwa maana yake ndiyo hiyo: kichwa kimeegeshwa. Kihisi hicho kinafanya kazi yake vizuri kabisa. Shida ni kwamba mashine ya kukoboa, na lile chekecheke lake la kutenga chenga na pumba, inatikisa sakafu, sakafu inatikisa ukuta, ukuta unatikisa kaunta, na laptopu yako kutwa nzima inaamini inadondoka.

Najua kuna msomaji anacheka, anasema ukuta wa tofali hauwezi kufanya hivyo. Mwaka 2008 mhandisi mmoja wa kampuni ya Sun Microsystems, Brendan Gregg, alisogea mbele ya rundo la diski za kiofisi zilizo kazini, akazipigia ukelele kwa mdomo wake. Mwenzake alirekodi video. Kwenye grafu ya kompyuta, muda wa diski kujibu uliruka juu palepale alipopiga kelele. Sauti ya mtu mmoja tu. Wewe una mota ya umeme wa njia tatu na magunia.

Kama ungependa kuona kwa macho yako mwenyewe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja asubuhi kabla haijaganda, uache dirisha linalofunguka wazi pembeni, kwenye ukurasa wa utendaji (Performance). Ikishaganda na kuachia, tazama mstari wa diski. Utaona diski imejaa asilimia 100, na kasi ya kusoma ni 0. Iko bize kupita kiasi na haifanyi chochote. Ramu uliyouziwa haihusiki na hilo, ila usiitoe, haina madhara na ulishailipia.

Jaribio la mwisho ulilifanya wewe, nami nalisimulia kwa ajili ya wengine. Kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa vidole vinne, juu yake ubao mwembamba, juu ya ubao laptopu. Ubao ni wa lazima. Ukiiweka laptopu moja kwa moja kwenye sponji unaziba matundu ya hewa ya chini, na kwa joto la Ifakara utakuwa umejitengenezea ugonjwa mwingine. Mashine ya jirani ikiwa kazini, kaunta ileile, ukuta uleule, chaja imechomekwa. Jioni ukaniandikia: "Leo imeganda mara moja tu, asubuhi kabla sijaiweka kwenye godoro." Neno godoro lilinifurahisha.

Sasa la kufanya. La kwanza kabisa, usiku wa leo, ukiwa nyumbani ambako diski imetulia, nakili kazi zote za wateja kwenye flashi au diski ya nje. Usinakili dukani. Diski iliyotikiswa miezi mitatu naiheshimu kama mgonjwa wa moyo, inaweza kwenda mwaka mwingine na inaweza isifike Ijumaa. Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ifungue uone diski imeandikwa nini juu. Ikiwa ya njano au nyekundu, usiendelee kuitumia hata kama inafunguka vizuri. Na ukitaka kuridhisha moyo, baadhi ya diski zina mstari wenye namba BF unaohesabu mitikisiko. Nakili hesabu yake asubuhi ukifungua duka, halafu jioni ukifunga. Kisha fanya hivyo Jumapili ukiwa nyumbani. Tofauti kati ya siku ya dukani na ya nyumbani mwonyeshe mdogo wako.

Tiba yenyewe ni kung'oa diski hiyo na kuweka SSD. Ndani ya SSD hakuna sahani, hakuna mkono, hakuna kinachozunguka, ni chipu tupu. Jirani akoboe mpunga wote wa Kilombero, haitajua. Kwa laptopu ya umri wa yako, SSD ya inchi 2.5 inakaa palepale ilipokuwa diski ya zamani. Mwambie fundi ahamishe kila kitu kama kilivyo badala ya kuanza na Windows mpya, usije ukatafuta fonti zako mwezi mzima. Na laptopu yenyewe itaanza kufunguka haraka mpaka utaona kama ni nyingine. Kati ya vitu vyote ninavyowashauri watu wenye laptopu za mtumba wanunue, hiki ndicho peke yake ambacho hakuna aliyewahi kunirudia analalamika.

Mpaka hela ya SSD ipatikane, vuta kaunta itoke ukutani, hata nafasi ya kupita mkono inatosha. Tafuta kandambili kuukuu, kata vipande vinne, weka chini ya miguu ya kaunta. Sponji na ubao viendelee.

Kuna fundi atakuambia njia ya bure: azime hicho kihisi kwenye programu, taa ya chungwa isiwake tena. Mkatalie. Taa haitawaka, ni kweli, lakini kichwa kitabaki juu ya sahani huku meza inatetemeka. Ni sawa na kumziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku.

Na pumba. Hukuniuliza, lakini vumbi la mpunga linaingia kwenye feni na kujishikisha kama uji uliokauka. Fundi akifungua kuweka SSD, apulize na feni palepale.

Kuhusu mkono wa mtu: mtu yupo kweli, na yuko nyuma ya ukuta, ila anakoboa mpunga. Usimnunie. Kila anayeleta gunia pale anasubiri nusu saa nzima bila kazi, na mlango wa kwanza anaouona ni wako.

SWALI: Hujambo fundi. Mimi ni karani kwenye chama cha akiba na mikopo, Nakuru. Tarakilishi ya kazi ninayopewa kubeba nyumbani iko sawa kabisa ofisini, lakini nikifika kwangu, kila nikifungua folda inakwama karibu nusu dakika. Nilidhani ni waifai ya nyumba yangu, nikaenda nayo kwa dada yangu, ikawa vivyo hivyo. Cha ajabu, nikizima waifai kabisa, folda zinafunguka mara moja. Je, ni virusi?
Karani, Nakuru

JIBU: Sijambo, karani. Si virusi. Na hilo la kwenda nayo kwa dada ni la maana kuliko unavyodhani, maana linageuza swali. Wewe ulidhani inakwama nyumbani. Kumbe inakwama kila mahali isipokuwa ofisini. Kwa hiyo usitafute nyumbani pana nini. Tafuta ofisini pana nini ambacho kompyuta inakikosa ikitoka nje ya geti.

Fungua sehemu inayoonyesha diski zote, pale panapoandikwa C. Naamini chini yake utaona nyingine yenye herufi ya mbali, Z au S au M, pengine na alama ndogo nyekundu ya mkasi. Hiyo si diski iliyo ndani ya kompyuta yako. Ni folda iliyoko kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, ambayo mtu wa kompyuta alikuunganishia ionekane kama diski. Ofisini inajibu papo hapo. Ukiwa nyumbani, Windows inamtuma mtoto dukani kwa muuzaji aliyehama: anagonga mlango, anasubiri, anagonga tena, anasubiri, ndipo anarudi kusema hakuna mtu. Wewe umekaa unatazama dirisha jeupe. Ukizima waifai, mtoto hata hatoki nyumbani, anajua njia haipo, ndiyo maana folda zinafunguka haraka.

Tazama pia orodha ya folda ulizofungua karibuni, upande wa kushoto. Ikiwa humo kuna folda za seva, kila ukifungua dirisha inazigusa nazo. Zibandue. Na printa ya ofisi, ikiwa ndiyo chaguo la kwanza, inakwamisha programu ya kuandikia kwa sababu ileile, kwa hiyo nyumbani chagua printa ya PDF.

Diski ya Z usiikate mwenyewe bila kusema. Mwambie mtu wa kompyuta wa ofisini akutengenezee njia mbili za mkato kwenye uso wa kompyuta, moja ya kuiunganisha ukifika kazini, moja ya kuikata ukiondoka. Ni kazi ya dakika tano. Akianza kuzungumzia kupiga Windows upya, msomee jibu hili.

SWALI: Kaka fundi, niko chuo, Mbeya. Laptopu yangu nikiwa nachaji kwenye chumba changu cha hosteli kishale kinacheza ngoma, kinaruka chenyewe, kinabonyeza vitu, mwisho yote inaganda inabidi niizime kwa nguvu. Nikigusa chuma cha pembeni nasikia kama wadudu wanatembea kwenye ngozi. Nikichajia kwa rafiki yangu nje ya chuo, kimya. Chaja ni ya asili, ina pini mbili nene za mviringo. Soketi ya kwangu naifungulia kwa kalamu.
Mwanachuo, Mbeya

JIBU: Hiyo kalamu, mdogo wangu, ndiyo barua yote.

Soketi zetu zina matundu matatu. Lile la juu ni la waya wa ardhini, ambao mafundi umeme huuita ethi. Plagi ya kwetu ina pini ndefu ya juu inayoingia humo kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Wewe huna pini hiyo, kwa hiyo umeibia kwa kalamu na kusukuma zile mbili za Ulaya. Umeme unapita, lakini ethi haipo. Plagi yako itazame pembeni: ina vibati viwili vya chuma, kimoja kila upande. Ethi ya chaja yako inapita hapo, na kwenye soketi yetu vibati hivyo havigusi kitu.

Ndani ya chaja kuna vichujio vinavyovujisha umeme kidogo sana, ambao ulitakiwa uteremke ardhini kupitia waya huo. Usipopata njia unakaa kwenye mwili wa laptopu, na wewe unausikia kama wadudu. Padi ya kugusa inafanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa kidole chako, sasa inahisi vidole ishirini. Bila shaka kwa rafiki yako unachomeka kwenye adapta au ekstensheni yenye nafasi ya vibati hivyo.

Hakikisha hivi: kishale kikianza kucheza, chomoa chaja bila kuinua kidole kwenye padi. Kikitulia hapohapo, umepata. Huna haja ya chaja mpya. Ule waya unaotoka ukutani kwenda kwenye tofali la chaja unachomoka, nenda nao dukani ununue mwingine wenye kichwa kilekile cha matundu matatu upande mmoja, na plagi yetu ya pini tatu bapa upande wa pili. Kama utaendelea kusikia wadudu hata kwa waya huo, basi soketi ya chumba haina ethi. Hapo usiifungue mwenyewe. Mwambie msimamizi wa hosteli alete fundi umeme apime, na mpaka apime, chajia kwa rafiki yako.